Kuokoa filamu ya unga iliyopigwa kwa MiniDV: mwongozo kwa walio Malindi

Mwongozo huu ni wa filamu ya aina moja. Ina dakika 70 hadi 100, imepigwa Malindi kwa kamera ndogo ya MiniDV (kanda ndogo ya video ya dijitali), pesa zake zilikuwa za mchango, waigizaji ni vijana wa maskani na huenda baadhi yao walikuwa watumiaji kweli, na hadithi yake ni unga, yaani heroini. Iliuzwa kwa VCD, ikaoneshwa kwenye vibanda vya video, kisha watu wakaisahau. Kanda zake ziko juu ya kabati la mtu, zinakula chumvi ya bahari. Kuirejesha kunawezekana bila maabara ya Ulaya, lakini kazi ina mpangilio wake, na ukiuruka unapoteza kitu kisichorudi.

Kabla hujatafuta mashine yoyote, tenganisha kasoro za filamu na kasoro za muda. Taa ya barabara iliyougeuza uso uwe rangi ya chungwa ni filamu. Adhana iliyoingia katikati ya mazungumzo ni filamu. Kamera iliyotikisika mpigapicha alipokuwa akikimbia ni filamu. Viboksi vinavyoruka, mistari ya hedi (kichwa cha kusomea kanda) chafu, sauti inayokatika, ukungu: hizo ni za muda, na hizo tu ndizo unazozirekebisha. Kila uamuzi mgumu hapa chini unarudi kwenye mpaka huo.

Kusanya kabla ya kugusa

VCD ndiyo inayopatikana upesi, kwa hiyo wengi huanza nayo, huipitisha kwenye programu ya kusafisha, huipakia mtandaoni na kuona kazi imekwisha. Hiyo ndiyo nakala ya chini kabisa kwa ubora: picha ya pikseli 352 kwa 288, MPEG-1, kilobiti 1150 hivi kwa sekunde. MiniDV ya PAL, mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, ni 720 kwa 576 kwa megabiti 25 kwa sekunde. Tofauti hiyo hakuna programu inayoirudisha.

Tafuta kanda mbichi zilizotoka kwenye kamera, kanda kuu ambayo mhariri aliirudishia filamu iliyokamilika, diski ngumu ya kompyuta iliyotumika kuhariri, DVD, VHS, na mwisho VCD. Usichague, chukua zote. Kanda mbichi zina picha safi ila hazina muziki wala majina ya mwanzo na mwisho. VCD ina picha mbovu, lakini huenda ndiyo ushahidi pekee wa mpangilio ambao watazamaji waliuona. Anza kwa mhariri kabla ya mwongozaji: mwongozaji huwa na kumbukumbu, mhariri huwa na diski.

Diski za miaka ya 2000 mwanzoni ni za IDE, tundu la zamani la kuunganishia diski. Utahitaji adapta ya IDE kwenda USB yenye waya wake wa umeme, kwa kuwa diski ya inchi 3.5 haiendeshwi na stima ya USB. Ikilia tik-tik, izime papo hapo. Kila dakika ya ziada hedi inaikwaruza. Ikiwaka vizuri, nakili diski nzima kwa programu ya ddrescue kabla ya kufungua faili hata moja. Ukikuta filamu imekatwa vipande vya dakika 9 au 19 hivi, haijaharibika: faili za AVI za zamani zilikomea GB 2, na mfumo wa FAT32 haukubali zaidi ya GB 4.

Sasa daftari. Kila kanda ipewe namba, ipigwe picha pande zote, na maandishi ya lebo yanakiliwe yalivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Namba ibandikwe kwenye kikasha. Kanda yenyewe usiibandike karatasi nene, itakwama ndani ya mashine. Kisha sogeza kitufe kidogo cha nyuma ya kila kanda hadi kwenye SAVE. Kwa VHS, vunja kidude cha plastiki kilicho ukingoni. Kazi hii ni ya sekunde tano, na isipofanywa, kidole kimoja kikibonyeza REC kwa bahati mbaya kinafuta tukio zima.

Kanda isiyo na tarehe

Kamera za DV huandika tarehe na saa ndani ya kanda, hata kama hazionekani kwenye picha, na programu za dvrescue na dvgrab huzisoma. Tatizo ni kwamba betri ndogo ya saa ikifa kamera hurudi tarehe ya kiwandani, na utakuta kanda kumi zote zimepigwa tarehe 1 Januari.

Hapo isome picha yenyewe. Ukuta wa kioski ni kalenda nzuri: kampuni ya simu ya KenCell ilianza mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Picha ya rais ukutani dukani: Moi hadi mwisho wa 2002, Kibaki hadi Aprili 2013. Rangi ya bahari inakupa msimu, kwa sababu mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta udongo na maji ya Malindi huwa kahawia.

Unga wenyewe pia ni tarehe. Tangu miaka ya 1980 Malindi ilivuta brauni shuga, juu ya foili au ndani ya kokteli pamoja na bangi. Kati ya 1998 na 1999 brauni iliadimika, ikaingia white crest, nyeupe, inayoyeyuka kwenye maji, na kujidunga kukaenea nayo. Picha ya mtaani yenye foili na kiberiti huenda ikawa ya mapema kuliko yenye bomba la sindano. Ishara hii itumike kwa picha za kweli za mtaani tu, si kwa matukio yaliyoigizwa, kwa kuwa mwongozaji ana haki ya kuigiza ya zamani.

Chumvi, ukungu na umande

Angalia kanda kupitia kidirisha chake kwa tochi. Utepe mzima huwa mweusi unaong'aa na umejiviringa sawasawa. Ukiona madoa meupe au nyuzinyuzi kwenye ukingo wa utepe, ni ukungu. Ifungie kwenye mfuko wake peke yake, vaa barakoa, na usiitie kwenye mashine unayoitegemea: ukungu huhamia kwenye hedi na kwenda kwa kanda inayofuata. Ikaushe kwanza kwenye kasha lililofungwa lenye jeli ya silika kwa wiki mbili au zaidi. Mchele usiutumie, una vumbi. Uache uwe wa pilau. Ukungu ukishakauka huacha kunata, na ndipo fundi anaweza kuufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nje ya nyumba, upepo ukimpiga mgongoni.

Usioke kanda ya MiniDV jikoni. Ushauri huo unaozunguka mtandaoni ni wa kanda za rili zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi yake hunyonya unyevu. Utepe wa MiniDV ni metali iliyovukizwa juu ya plastiki nyembamba mno, na joto litaukunja.

Hatari isiyotajwa sana ni kiyoyozi. Ukiitoa kamera kwenye chumba baridi na kuipeleka barazani, hewa ya Malindi inaacha umande juu ya silinda ya hedi, utepe unanasa na unakatika. Kamera nyingi zina kihisi na zitaandika DEW na kukataa kuendesha kanda. Usilazimishe. Ifungue mlango wa kanda, iache saa moja au mbili. Bora zaidi, kanda, kamera na kompyuta vikae chumba kimoja usiku kucha kabla ya kazi.

Mashine

Unahitaji kamera au deki ya MiniDV yenye tundu la FireWire, la kupitishia video ya dijitali, ambalo Sony huliita i.LINK, na kompyuta yenye FireWire. Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya kadi ya PCI au PCIe inatosha. Kadi zenye chipu ya Texas Instruments ndizo zenye usumbufu mdogo, na Linux ndiyo inayozikubali bila kelele. Mac ya zamani yenye tundu lake pia inafaa. Usinunue ule waya wa bei poa wenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Hauna chipu ndani, ni umbo tu, hautafanya kazi kamwe. Na USB ya kamera yenyewe, kwa nyingi, ni ya picha za kadi au video duni, si DV.

Unachokitafuta ni kunakili data iliyo kwenye utepe biti kwa biti. Ukitumia waya wa njano na nyekundu na nyeupe, unaigeuza kuwa analojia na kuirudisha dijitali, na hasara hiyo ni ya bure.

Chomeka FireWire vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Plagi ya pini 6 inabeba umeme, na ikiingia kombo au kinyume inaunguza tundu la kamera. Pini za shaba zilizoota kijani kwa sababu ya chumvi zisugue kwa isopropili ya asilimia 99 na brashi laini. Weka UPS, betri ya kushikilia stima: stima ikipotea katikati, utepe unabaki umezungushwa kwenye silinda, na kuutoa kwa mkono ni kazi ya fundi mwenye subira.

Hedi zisafishwe kwa kanda maalumu ya kusafishia, sekunde 5 hadi 10, si zaidi. Inakwaruza, ndiyo inavyosafisha. Usiirudishe nyuma ukaitumia sehemu ileile. Pamba ya masikio kaa nayo mbali, nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuing'oa.

Kunasa

Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo mara moja, ili utepe ujiviringe kwa mkazo mmoja. Yenye ukungu usiifanyie hivi. Kisha icheze tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama, ukinasa, yaani ukiihamisha kuwa faili, kwa dvrescue au dvgrab. Saa moja ni GB 13 hivi. Kanda mbichi 20 za saa moja ni GB 260, na ukizicheza mara tatu ni GB 780, kwa hiyo diski ya TB 1 inatosha kwa hatua hii.

Mbona mara tatu? Kwa sababu makosa ya kusoma hayarudii mahali pamoja. Mara ya kwanza viboksi vitaruka dakika ya 12, mara ya pili pale patasomeka na patakatika dakika ya 31. Programu ya dvrescue huorodhesha makosa ya kila fremu, na inaweza kuunganisha misomo kadhaa ikichukua sehemu nzima kutoka kila mmoja. Kanda isiyo na kosa hata moja mara ya kwanza usiisumbue tena.

Yafuatayo ndiyo hutokea zaidi. Picha ikigawanyika mikanda ya mlalo, mmoja mzima, mmoja umevunjika, hedi moja kati ya mbili imeziba: fremu ya PAL imeandikwa kwa nyimbo 12, na kila hedi husoma zake 6. Safisha, rudia. Picha ikiwa viboksi kila mahali na kanda haina tatizo la macho, huenda ilipigwa kwa LP, ile mbinu ya kupata dakika 90 kwenye kanda ya 60. Nyimbo za LP ni nyembamba na mara nyingi husomeka vizuri kwenye kamera ileile iliyozipiga tu, kwa hiyo itafute kamera hiyo hata kama imekufa, fundi aiangalie. Kanda iliyopigwa kwa Sony PD150 huenda ni ya DVCAM, muundo wa Sony wa kitaalamu, na kamera nyingi za nyumbani za chapa nyingine haziichezi.

Taimukodi, saa ya kanda inayohesabu hadi fremu, nayo ina mtego. Mpigapicha akirudi nyuma kuangalia alichopiga, kisha akaanza tena baada ya nafasi tupu, kamera huanza upya na 00:00:00:00. Kanda moja inaweza kuwa na sifuri nne. Kwenye daftari andika namba ya kanda, namba ya kipande, kisha taimukodi, la sivyo baadaye utachukua tukio la hospitali ukidhani ni la ufukweni.

VHS ikiwa ndiyo iliyobaki, deki peke yake haitoshi. Picha yake inacheza kushoto na kulia, na inahitaji kirekebishi cha muda kati ya deki na kompyuta. Kinachopatikana kwa bei ya mitumba ni rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au ES15, ukipitisha picha ndani yake bila kurekodi. Nasa kwa programu ya vrecord kwenda FFV1, mbano usiopoteza kitu, ndani ya faili la MKV, na tenga GB 30 hadi 45 kwa saa. Vile vidude vidogo vya USB vinavyobana picha kuwa MPEG viache: vinaangusha fremu kimyakimya na mdomo unaachana na sauti.

VCD haitaki kunakiliwa kwa kuburuta faili la DAT, hasa ikiwa imekwaruzwa. Tumia programu ya vcdxrip, kwenye angalau aina mbili za kisomaji, kisha linganisha. Kwa kuwa VCD moja inachukua dakika 74 hadi 80, filamu ndefu ilikuwa ya diski mbili. Ukikuta hadithi inaishia ghafla kijana akiwa kwenye arosto (maumivu ya kukosa unga), tafuta diski ya pili kabla ya kusema mwisho umepotea.

Kila faili likishapatikana, liandikie namba ya ukaguzi, ya kukuonesha baadaye kama faili limebadilika, siku hiyohiyo:

sha256sum *.dv > orodha.sha256

Kuijenga upya

Kanda kuu ikiwepo na nzima, sehemu hii inakuhusu kidogo tu. Isipokuwepo, ndiyo itakayokula wiki zako.

Weka VCD nzima kwenye njia ya juu ya programu ya kuhariri, Kdenlive kwa mfano, ambayo haina malipo. Mradi uwe PAL ya fremu 25. Chini yake anza kuweka vipande vya kanda mbichi, kimoja kimoja, ukivilinganisha na VCD. Punguza uzito wa picha ya juu hadi nusu ili uione ya chini, kisha sogeza fremu kwa fremu hadi kitu chenye mwendo mkali kilingane: mlango unaogonga, kope zinazofumba, moshi unaotoka mdomoni. Programu nyingi zina hali ya tofauti, ambayo picha mbili zikilingana hugeuka nyeusi. Kwa VCD haitageuka nyeusi kabisa kwa sababu ya ubovu wake, ila utaona kingo zikitoweka.

Jihadhari na tukio lililopigwa mara kadhaa. Kijana anashika kijiko kwa mkono uleule katika mapigo manne, na la tatu ndilo lililotumika. Usiangalie uso, angalia vitu visivyoigiza: kivuli ukutani, kuku anayepita nyuma, maji yamebaki kiasi gani kwenye chupa. Na usishawishike kuchagua pigo lililo bora zaidi. Mwongozaji alichagua lake, au alikosa jingine, na vyote viwili ni historia ya filamu hiyo.

Kipande kisichopatikana kwenye kanda mbichi kitoke kwenye VCD, kikuzwe kwa njia ya kawaida ya Lanczos, bila kunolewa. Kitaonekana kibovu katikati ya vizuri. Kiache hivyo na ukiandike kwenye daftari, ili kanda ikipatikana mwakani pajulikane mahali pa kuiweka.

Muziki na sauti zilizoongezwa baadaye mara nyingi ziko kwenye VCD peke yake. Mazungumzo yachukue kwenye kanda mbichi, muziki kwenye VCD, na mahali vimechanganyika, tumia sauti ya VCD nzima badala ya kushona viraka vinavyosikika. Angalia pia kanda zilizopigwa kwa sauti ya biti 12, kilohezi 32: ukiziingiza kwenye mradi wa kilohezi 48 bila kuzibadilisha ipasavyo, sauti itakimbia na kupanda. Hata ya kilohezi 48, kamera za nyumbani hazifungi sauti na picha kwa ukali, kwa hiyo kanda ya saa moja yaweza kuchelewa kwa fremu kadhaa mwishoni. Kata na kusogeza kipande kwa kipande, usivute kanda nzima.

Picha na rangi

Faili kuu libaki na mistari yake iliyopishana kama lilivyopigwa: kila fremu ni nusu mbili za mistari, zilizopigwa kwa nyakati mbili. Nakala ya kutazama ndiyo inayotenganishwa nusu hizo, na iwe fremu 50 kwa sekunde ili mwendo usikatike. Kwa picha ya 4:3, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i kuu.avi -vf bwdif=mode=send_field:parity=bff,scale=768:576,setsar=1 -c:v libx264 -crf 16 -c:a aac -b:a 192k nakala.mp4

Alama ya bff ni muhimu: DV huanza na mistari ya chini. Ukiigeuza, mtu anayetembea atarudi nyuma na mbele kwa mtetemo unaoumiza macho. VHS iliyonaswa kwa kadi nyingi huanza na mistari ya juu, kwa hiyo ipime kwanza kwa sekunde kumi zenye mwendo.

Rangi irekebishwe kwa kuangalia kipimo cha wimbi (grafu ya mwanga wa picha), si kwa macho kwenye laptopu. Kamera za nyumbani huvuka 235, kiwango cha kawaida cha weupe, na kwenda karibu na 255. Mawingu yanayoonekana meupe matupu huenda yana umbo, yashushe taratibu. Baada ya hapo mkono wako uwe mzito. Bahari ya kahawia usiifanye bluu, ilikuwa kahawia kweli. Uso wa machungwa usiku chini ya taa ya mtaa uache.

Chenga za gizani ni kishawishi kikubwa. Mpigapicha alifungua kamera hadi mwisho kwa kuwa hakuwa na taa, na picha imejaa punje. Ukizifuta kwa nguvu, unafuta na ngozi. Kwenye filamu ya unga hilo si suala la urembo: programu za akili unde za kukuza picha huchora ngozi laini juu ya mkono wenye makovu ya sindano, hujaza meno yaliyong'oka, na kunenepesha shavu lililoingia ndani, kwa kuwa zimefundishwa kwa nyuso za watu wenye afya. Unapata uso wa mtu asiyekuwepo. Kwa kanda hizi programu za namna hiyo hazina kazi. Punguza punje kidogo kwa kichujio cha hqdn3d, pima kwa kuangalia mkono wa karibu kabisa ulio kwenye filamu, na makovu yakianza kuyeyuka rudi nyuma.

Sauti ni rahisi zaidi. Mngurumo wa stima uko hezi 50, 100 na 150, uukate hapo kwa kichujio chembamba kwenye Audacity. Upepo wa kusi kwenye maiki uko chini ya hezi 100 hivi. Kata kwa mteremko mpole, ukikaza sauti ya mwanamume inakuwa ya simu. Jenereta la jirani, adhana na mawimbi viache.

Maneno

Andika mazungumzo yote kama yalivyosemwa, katika faili la manukuu la SRT, mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi zisizozidi 42 kwa mstari. Mzee aliyetoka Lamu akisema "ndoo, nina ndaa," usimwandikie "njoo, nina njaa". Maneno ya maskani hayasahihishwi wala hayafafanuliwi ndani ya manukuu: arosto ni arosto. Mtu akiitwa teja ndani ya filamu, liandike. Lakini kwenye bango, maelezo na tangazo unaloandika wewe leo, sema mtumiaji au mraibu. Mpe mswada mzee mmoja wa Shela na kijana mmoja aliyewahi kutumia. Kila mmoja atasikia neno ambalo wengine wote walilikosa.

Wenyewe

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye filamu ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, na haki hudumu miaka 50. Kwa hiyo kanda kuwa kwako si ruhusa. Pata barua yenye sahihi, inayotaja kunasa, kurekebisha, kuonesha hadharani na kuweka mtandaoni, kila moja peke yake, maana wengi hukubali tatu na kukataa ya nne. Muziki ulioazimwa una wenyewe pia. Kwa maonesho ya mtaani husumbua kidogo, mtandaoni utaondolewa.

Ugumu hasa uko kwa walioonekana. Aliyejidunga mbele ya kamera akiwa na miaka 19 huenda leo ni baba wa watoto, anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi kwenye kliniki ya hospitali ya Malindi iliyofunguliwa 2015, na wakwe zake hawajui. Au ameshafariki, na mama yake hajawahi kuona picha hiyo. Orodhesha kila uso unaotambulika, na mtafute mwenyewe au jamaa yake. Mwendee nyumbani, umwamkie, umwoneshe kipande chake akiwa peke yake kabla ya yeyote mwingine, na umwachie siku za kufikiri. Kwa mama wa marehemu aende mwanamke wa makamo anayejulikana na nyumba ile, si kijana mwenye laptopu. Akikataa, uso ufunikwe kwenye nakala ya maonesho; faili kuu lisiguswe, lifungiwe tu. Habari za matumizi ya dawa zinagusa afya ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitambua habari za afya kuwa nyeti.

Kabla ya kuonesha hadharani filamu ipate daraja kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Madaraja ni GE (watu wote), PG (watoto waongozwe na mzazi), 16 na 18 (umri), na filamu yenye sindano si rahisi ipate GE. Anza baada ya Isha, giza likiwa limeshika. Awepo mshauri wa kituo cha tiba mlangoni, si jukwaani, kwa sababu kuona kijiko na bomba kwa karibu humwamshia hamu mtu aliyeacha, na atatoka nje kimya. Filamu ikionesha aliyezidiwa akimwagiwa maji, kunyweshwa maziwa au kudungwa maji ya chumvi, usikate tukio hilo. Weka kabla ya filamu ukurasa wa maandishi unaosema la kufanya: mwite mhudumu wa afya, mlaze ubavu, apewe naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini), asinyweshwe kitu, asiachwe peke yake.

Kuhifadhi

Nakala tatu: diski mbili za chapa tofauti, moja Malindi na nyingine mbali na bahari, Nairobi kwa mfano, na ya tatu mtandaoni. Jumba la makumbusho la mji au Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa waombe wapokee nakala pamoja na daftari. Kagua diski mara mbili kwa mwaka kwa sha256sum -c orodha.sha256, faili likigoma, linakiliwe kutoka diski ya pili kabla hujafanya kitu kingine.

Kanda zenyewe hazitupwi hata baada ya kunaswa. Zisimame wima, zimerudishwa mwanzo, kwenye kasha la plastiki lenye mpira wa kuziba, gramu 100 za jeli ya silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 30 hadi 50. Hewa ya nje Malindi mara nyingi huzidi 70. Jeli ya chungwa ikigeuka kijani, au ya bluu ikigeuka waridi, ikaushe ovenini kwa nyuzi 120 saa mbili hadi tatu, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, na irudishe.

Ndani ya kila diski, juu ya folda zote, weka faili la maandishi matupu, si Word. Liseme filamu ni ipi, nani alitoa ruhusa na ya nini, kila kipande kimetoka kanda gani, vipi vimetoka VCD, nyuso zipi zimefunikwa kwenye nakala ya maonesho, na ni vichujio gani vilivyotumika, kwa namba zake.